Mlima Unapoangukia Bwawa: Namna ya Kuyaelewa Makadirio ya Mawimbi Yanayofanywa kwa Kompyuta

Utangulizi

Mtumiaji wa maji au umeme anayeishi karibu na bwawa, au kando ya ziwa lenye kingo za milima, anaweza kukutana na ramani yenye maeneo yaliyopakwa rangi nyekundu na njano. Huenda akaiona katika mkutano wa hadhara wa tathmini ya athari kwa mazingira, au katika mpango wa dharura wa bwawa. Baadhi ya ramani hizo hazihusu mafuriko ya mvua. Zinaonyesha mahali ambapo maji yangefika endapo sehemu ya mlima ingeporomoka na kutumbukia majini kwa ghafla. Wimbi linalozaliwa kwa namna hiyo huitwa wimbi la msukumo. Ramani yake hutokana na uigaji wa kihesabu, yaani hesabu ndefu zinazofanywa na kompyuta ili kuiga mwendo wa maji kabla tukio halijatokea.

Makala haya yanaeleza wimbi hilo ni nini, kompyuta hulikadiria vipi, na ni kwa kiasi gani makadirio hayo yanaweza kutegemewa. Tumeyaandika kwa sababu maamuzi mazito huegemea hesabu hizi: bwawa lijazwe hadi kiwango gani, kijiji kijengwe wapi, king'ora kiwekwe upande gani. Tungependa mtumiaji abaki na jambo moja. Kompyuta hujibu swali la maji kwa usahihi mkubwa, lakini swali lenyewe huanzia mlimani, na huko ndiko makosa makubwa hutokea.

Wimbi la msukumo ni nini?

Mawimbi ya kawaida ya ziwani husukumwa na upepo na hutikisa tabaka la juu la maji tu. Wimbi la msukumo ni tofauti. Miamba, udongo, au barafu inapoingia majini kwa kasi, husukuma maji yote yaliyo mbele yake, kuanzia sakafuni hadi juu. Maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa kupanda na kusonga mbele.

Safari ya wimbi hilo ina hatua tatu. Kwanza huzaliwa pale poromoko linapoyagonga maji. Kisha husafiri, na kama ziwa ni pana hutawanyika na kupungua kimo, ilhali katika bonde jembamba hubaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Mwisho hufika ukingoni, ambako hupanda mteremko wa nchi kavu au huruka juu ya ukuta wa bwawa. Kimo ambacho maji hupanda nchi kavu kinaweza kuzidi sana kimo cha wimbi lilipokuwa katikati ya ziwa. Ndiyo maana ramani za hatari huonyesha mahali maji yatakapofika, na haziishii kutaja urefu wa wimbi.

Kasi ya wimbi refu hutegemea kina cha maji. Mahali penye kina cha mita 100, wimbi husafiri takriban mita 31 kwa sekunde, sawa na kilomita 113 kwa saa. Mtu aliye umbali wa kilomita tano kutoka kwenye poromoko ana dakika mbili na sekunde 40 hivi. Muda huo hautoshi kupiga simu, kuuliza jirani, na kurudi ndani kuchukua mali. Kwa hiyo kazi kubwa ya uigaji ni kutuwezesha kufanya maamuzi mapema, wakati bado kuna siku na miezi ya kufikiri.

Funzo la Vajont

Tukio linalotajwa zaidi katika fani hii lilitokea kaskazini-mashariki mwa Italia. Katika miaka ya mwisho ya 1950, ukuta wa zege wenye umbo la tao na kimo cha karibu mita 262 ulijengwa katika korongo la mto Vajont, juu ya mji wa Longarone. Ulikuwa miongoni mwa kuta ndefu kuliko zote duniani. Bwawa lilipoanza kujazwa, mteremko wa Mlima Toc ulioko upande wa kusini ulianza kusogea. Novemba 1960 sehemu ndogo yake iliporomoka majini, na ufa mrefu ukajitokeza juu ya mlima.

Dalili zilikuwa zimeonekana. Wanajiolojia Edoardo Semenza na Franco Giudici walikuwa wametambua alama za poromoko kubwa la kale katika mteremko huohuo. Wakazi wa Erto nao walikuwa na hofu, na mwandishi wa habari Tina Merlin aliiandika hofu yao gazetini. Alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo, na mwaka 1960 mahakama ilimwachia huru.

Kompyuta za kufanya hesabu za namna hii hazikuwapo wakati huo. Wahandisi walitumia modeli ya kushikika. Mwaka 1961 na 1962, Profesa Augusto Ghetti wa Chuo Kikuu cha Padova alisimamia majaribio katika mfano wa bonde hilo uliojengwa kwa kipimo cha moja kwa 200, kokoto zikiwakilisha mlima. Hitimisho lilikuwa kwamba kama maji yangewekwa katika kiwango cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, hata poromoko baya kuliko yote yaliyotazamiwa lisingeleta maafa.

Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, saa 4 na dakika 39, maji yakiwa karibu kabisa na kiwango hicho, mita za ujazo zipatazo milioni 270 za mlima zilishuka kwa pamoja. Kasi yake inakadiriwa kuwa mita 20 hadi 30 kwa sekunde. Maji yalivuka ukuta kwa kimo cha zaidi ya mita 100 juu ya ukingo wake, yakaangukia bondeni, na Longarone pamoja na vijiji vya jirani vikafutika. Watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta haukuvunjika, na umesimama mpaka leo.

Mtumiaji azingatie kilichokosewa hapo. Majaribio ya maji yalifanywa kwa uangalifu. Lakini yalichukulia kwamba mteremko ungeshuka kwa sehemu mbili, kila moja kwa wakati wake, tena zenye ujazo mdogo kuliko uliokuja kushuka, na yalitumia kokoto zilizolegea mahali ambapo mlima halisi ulishuka kama bamba moja. Maji yaliulizwa swali dogo kuliko lile ambalo mlima ulikuwa unaliandaa, nayo yakatoa jibu la swali dogo. Kiwango cha mita 700 kilikuwa salama kwa poromoko la kwenye modeli tu.

Kompyuta hufanya nini hasa?

Leo kazi iliyofanywa na kokoto hufanywa kwa hesabu. Ziwa hugawanywa katika miraba midogo kama karatasi ya hesabu ya mwanafunzi, na kila mraba hupewa kina chake kutokana na vipimo vya sakafu ya ziwa. Kompyuta hukokotoa kiasi cha maji kinachotoka mraba mmoja kwenda wa jirani kwa kufuata kanuni mbili: maji hayapotei, na mwendo wake hubadilika tu pale nguvu fulani inapoyasukuma, kama vile mvuto wa dunia au msuguano wa sakafu. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila hatua fupi ya muda mpaka wimbi lifike ukingoni na kurudi.

Tuchukue ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 20, lililogawanywa katika miraba yenye upande wa mita 10. Miraba yote ni 200,000. Kwa kuwa wimbi halipaswi kuruka mraba wowote kati ya hatua moja na nyingine, hatua ya muda haiwezi kuzidi theluthi moja ya sekunde mahali penye kina cha mita 100. Kuiga nusu saa ya tukio huhitaji hatua zaidi ya 5,000, na kila hatua hupitia miraba yote 200,000. Jumla yake ni zaidi ya hesabu bilioni moja kwa mfano mmoja tu wa poromoko. Kompyuta ya kawaida ya ofisini inaweza kuimudu kazi hiyo.

Njia za uigaji hutofautiana kwa undani na gharama. Njia iliyoelezwa hapo juu huchukulia kwamba maji yote katika mraba mmoja, kuanzia juu hadi chini, husogea kwa pamoja. Ni nyepesi, na inafaa kwa wimbi lililokwisha kusafiri na kwa mafuriko ya nchi kavu. Udhaifu wake uko pale poromoko linapoyagonga maji, kwa sababu hapo maji hurushwa juu, huchanganyika na hewa, na mwendo wa juu hautofautiani kidogo na wa chini. Kwa eneo hilo wataalamu hutumia njia nzito zaidi, inayogawanya maji kwa urefu, upana, na kina, au inayoyawakilisha kama mamilioni ya chembe zinazosukumana. Njia hizo huchukua saa au siku nyingi za kompyuta. Ndiyo sababu mara nyingi huunganishwa: njia nzito hutumika karibu na poromoko, na njia nyepesi hutumika katika sehemu nyingine ya ziwa.

Mtumiaji halazimiki kujua majina ya njia hizi. Inatosha kujua kwamba ripoti nzuri hutaja njia iliyotumika, sababu ya kuichagua, na eneo ambalo njia hiyo ni dhaifu.

Ni kigezo kipi kinachobadilisha jibu?

Kabla ya uigaji kamili, wahandisi wengi huanza na makadirio ya haraka. Maabara ya haidroliki ya chuo kikuu cha ETH Zürich nchini Uswisi ilichapisha mwongozo wa makadirio hayo mwaka 2009 na kuurekebisha mwaka 2019. Milinganyo yake ilitokana na majaribio mengi ya maabara. Inaunganisha kasi ya poromoko, unene wake, tungamo lake, na pembe ya mteremko, ili kupata kimo cha juu cha wimbi katika mkondo ulionyooka.

Kwa kufuata mwongozo huo tumekokotoa mfano wa kubuni, ambao hauhusu bwawa lolote lililopo. Poromoko la mita za ujazo milioni moja, lenye upana wa mita 150 na unene wa mita 20, linashuka kwenye mteremko wa nyuzi 35 na kuingia katika maji yenye kina cha mita 100. Likiingia kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, kimo cha wimbi hukadiriwa kuwa mita 27. Matokeo hubadilika hivi tunapobadilisha kigezo kimoja kimoja:

• Tungamo likiongezeka mara mbili, wimbi huongezeka kwa asilimia 15 na kufikia mita 31.
• Unene ukiongezeka mara mbili, wimbi huongezeka kwa asilimia 32 na kufikia mita 36.
• Kasi ikiongezeka mara mbili, wimbi huongezeka kwa asilimia 74 na kufikia karibu mita 48.

Matokeo haya huwashangaza wengi. Watu hudhani kwamba ukubwa wa mlima ndio unaoamua, kumbe kasi ya kuingia majini ina uzito zaidi. Na kasi ndiyo ngumu zaidi kuijua mapema. Mteremko unaweza kusogea sentimita chache kwa mwezi kwa miaka kadhaa, ukatulia, kisha ukashuka wote ndani ya dakika moja. Mtaalamu hukadiria kasi hiyo kutokana na urefu wa mteremko, aina ya mwamba, na msuguano wa tabaka lililo chini yake. Kila kadirio lina ukomo wake. Ripoti inayotoa namba moja ya wimbi, bila kiwango cha chini na cha juu, inamficha mtumiaji ukomo huo.

Ikumbukwe pia kwamba mfano wetu ni wa mkondo mwembamba. Katika ziwa pana wimbi hutawanyika na kupungua kadiri linavyokwenda mbali. Kwa sababu hiyo, uigaji wa ramani nzima huhitajika baada ya makadirio ya haraka.

Modeli huthibitishwaje?

Modeli ambayo haijawahi kulinganishwa na tukio la kweli haistahili kuaminiwa. Wataalamu huanza kwa kuilinganisha na majaribio ya maabara, kisha na matukio yaliyopimwa vizuri. Mojawapo ni la ziwa Chehalis katika jimbo la British Columbia, Kanada. Tarehe 4 Desemba 2007, mita za ujazo zipatazo milioni tatu za mwamba ziliporomoka ziwani. Maji yalipanda karibu mita 38 ukingoni na kuharibu maeneo ya kupiga kambi, ambayo kwa bahati njema hayakuwa na watu kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi. Watafiti walipima alama za maji kwenye miti na kingo, wakapima pia sakafu ya ziwa kwa sauti. Vipimo kama hivyo humwezesha mtaalamu kuuliza: je, modeli yangu ingeliweka maji mahali yalipofika kweli?

Historia ya maeneo hutufundisha jambo la pili. Katika ziwa Lovatnet, eneo la Loen nchini Norwei, sehemu ya mlima Ramnefjell iliangukia majini tarehe 15 Januari 1905, na wimbi likaua watu 61. Waliobaki waliendelea kuishi na kujenga kando ya ziwa hilo. Tarehe 13 Septemba 1936 mlima uleule uliporomoka tena kwa wimbi kubwa zaidi, na watu 74 wakafa. Mlima uliowahi kushuka mara moja hauwi salama kwa sababu tu umekwisha kushuka. Masimulizi ya wazee kuhusu maporomoko ya zamani ni taarifa halali, na mwendeshaji wa bwawa anapaswa kuyasikiliza na kuyachunguza.

Jambo hili linatuhusu vipi?

Hatari ya wimbi la msukumo hailingani kila mahali. Bwawa pana lenye kina kifupi na kingo tambarare, kama Mtera, haliwezi kulinganishwa na bwawa lililo katika korongo lenye kuta za mwamba, kama Turkwel nchini Kenya. Maziwa ya Bonde la Ufa nayo yana sehemu ambazo milima hushuka moja kwa moja hadi majini. Milima ya Livingstone kando ya Ziwa Nyasa ni mfano unaojulikana, na ziwa lenyewe lina kina kinachofikia mita 700 hivi.

Miteremko ya ukanda wetu huporomoka. Novemba 2019 maporomoko yaliua makumi ya watu katika kaunti ya Pokot Magharibi, Kenya, na Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara. Hayo yalikuwa maafa ya nchi kavu. Tunayataja kwa sababu sababu zake, yaani mvua kubwa, miteremko mikali, na udongo uliolowa, hukutwa pia juu ya maji. Kutajwa kwa maeneo haya si tangazo la hatari. Ni wito kwamba swali la mteremko liulizwe kila panapopangwa bwawa jipya au makazi mapya ya kando ya ziwa.

Kwa nini bwawa halijazwi hadi juu?

Hili ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida ya watumiaji, hasa nyakati za mgao wa umeme: maji yapo, mvua imenyesha, mbona mwendeshaji anaacha mita kadhaa tupu chini ya ukingo wa ukuta? Nafasi hiyo huachwa kwa ajili ya mafuriko, mawimbi ya upepo, na pale inapohitajika, wimbi la msukumo. Kila mita inayoachwa ina gharama, kwa sababu hupunguza umeme unaoweza kuzalishwa au maji yanayoweza kuhifadhiwa. Gharama hiyo hatimaye huonekana kwenye bili. Mtumiaji ana haki ya kuelezwa sababu zake.

Aina ya ukuta nayo huzingatiwa. Ukuta wa zege unaweza kustahimili maji yanayouvuka kwa muda mfupi, kama wa Vajont ulivyostahimili, ingawa walio chini yake hawanusuriki. Ukuta wa udongo au mawe humomonyolewa na maji yanayouvuka, na unaweza kubomoka wote na kuachia bwawa zima. Kwa ukuta wa namna hiyo, hata wimbi dogo linalovuka ukingo ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Kuna fikra mbili tunazopenda kuzisahihisha. Ya kwanza ni kwamba kushusha maji haraka huondoa hatari. Maji yaliyoingia ndani ya mteremko hayatoki kwa kasi ileile; bwawa linaposhushwa ghafla, mteremko hubaki umelowa na mzito, huku maji yaliyokuwa yakiuegemea yakiwa yameondoka. Kwa hiyo kushusha maji hufanywa polepole, na mteremko ukipimwa wakati wote. Ya pili ni kwamba kiwango kilichotangazwa kuwa salama ni salama siku zote. Kiwango hicho kina thamani kadiri makisio ya poromoko yanavyokuwa sahihi. Vipimo vipya vikionyesha kwamba sehemu inayosogea ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, hesabu yote hurudiwa.

Maswali ya kuuliza

Mtumiaji anapoonyeshwa ramani au ripoti ya wimbi la msukumo, tunamshauri aulize yafuatayo:

1. Ujazo na kasi ya poromoko vimekadiriwa na nani, na kwa vipimo gani vya mlimani? Je, mwanajiolojia alifika na kutoboa mwamba, au alitazama picha tu?
2. Ni hali ngapi zilizoigwa? Ripoti inayostahili huonyesha angalau hali ya kawaida na hali mbaya, ikiwamo ile ambayo mteremko wote hushuka kwa pamoja.
3. Kiwango cha maji kilichotumika katika hesabu ni kipi, na je, bwawa linaendeshwa chini ya kiwango hicho leo?
4. Modeli imelinganishwa na tukio gani halisi au jaribio gani la maabara?
5. Wimbi litachukua dakika ngapi kufika mahali ninapoishi, na king'ora kitalia dakika ngapi kabla yake?
6. Mteremko unapimwa mara ngapi, nani anapokea vipimo, na ni mwendo wa kiasi gani utakaosababisha watu kuhamishwa?

Swali la tano na la sita ndiyo yanayogusa maisha moja kwa moja. Ramani nzuri isiyo na king'ora na njia ya kukimbilia haimlindi mtu. Nchini Uswisi, wakazi wa maeneo yaliyo karibu chini ya mabwawa makubwa wana king'ora maalumu cha maji, chenye mlio mzito unaotofautiana na ule wa dharura nyingine, na ving'ora hujaribiwa kila mwaka Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Februari.  Zoezi la namna hiyo linaweza kufanywa katika kijiji chochote kilicho chini ya bwawa, hata kwa kengele ya shule.

Ukiwa karibu na maji

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Mtumiaji anayeishi, kuvua, au kufanya biashara chini ya mteremko mkali ulio kando ya bwawa au ziwa azingatie haya:

• Toa taarifa kwa serikali ya kijiji, mwendeshaji wa bwawa, au bodi ya maji ya bonde unapoona ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama upande mmoja, chemchemi iliyogeuka tope, au mawe yanayoanguka mara kwa mara. Andika tarehe na mahali.
• Ukisikia ngurumo kutoka mlimani, au ukiona maji yanarudi nyuma au kupanda bila upepo, panda mahali pa juu mara moja. Kimbia kuelekea juu, usifuate ufuko. Usisubiri king'ora.
• Usishuke baada ya wimbi la kwanza. Maji katika bwawa hugonga ukingo mmoja na kurudi kwenye mwingine kwa muda mrefu, na mahali fulani wimbi la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi. Subiri taarifa rasmi.
• Usijenge wala kuhamishia biashara ndani ya eneo lililowekewa mipaka kwenye ramani ya hatari, hata kama hapajawahi kufika maji katika kumbukumbu ya waliopo.

Haki yako ya kupata taarifa

Sisi tunapopitia ripoti ya uigaji, hatuanzi na picha za rangi za wimbi. Tunaanza na kurasa zinazoeleza mlima: vipimo vya mwendo, kina cha tabaka linaloteleza, na sababu za kuchagua ujazo na kasi fulani. Kurasa hizo zikiwa dhaifu, tunarudisha ripoti hata kama hesabu ya maji imefanywa kwa ustadi. Tunamwomba mtumiaji atumie kipimo hichohicho.

Mtoa huduma anapaswa kumweleza mtumiaji, kwa lugha anayoielewa, kiwango cha maji kinachoruhusiwa, sababu za kiwango hicho, na mpango wa dharura wa eneo lake. Omba maelezo hayo kwanza katika ofisi ya mtoa huduma iliyo karibu nawe, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, au usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko lako kwetu ukiambatanisha nakala hiyo. Wakazi wa eneo moja wanaweza kuwasilisha ombi la pamoja kupitia serikali ya kijiji au mtaa, na ombi hilo lina uzito sawa na la mtu mmoja mmoja.